Fuerteventura mwezi wa Julai na watoto wawili: upepo, gari na viza

Mkaazi_Ntinda
Habari zenu wanajukwaa. Tunapanga siku nane Fuerteventura, visiwa vya Canary, katikati ya Julai: watu wazima wawili na watoto wa miaka 6 na 9. Tunaondokea Entebbe na kupitia Brussels. Nasikia upepo wa huko haupumziki, sasa tukae upande gani watoto waogelee? Gari la kukodi ni la lazima? Na viza tuombe Ubelgiji au Uhispania? Watoto wanajua kuogelea, ila ni ziwani tu, Entebbe na Ssese.

Upepo_na_Maji
Ndugu, anza na upepo, kwa sababu ndio utakaoamua hoteli. Hutoka kaskazini-mashariki, na Julai huvuma karibu kila siku. Asubuhi huwa mpole. Ardhi ikishapata joto, alasiri unakaza. Kwa hiyo watoto waingie majini mapema.

Watu wengi huponzwa na jina la Sotavento, fukwe ndefu za kusini-mashariki. Kwa Kihispania jina hilo maana yake ni upande uliokingwa na upepo, lakini hapo kisiwa ni chembamba na kimeinama, upepo unabanwa karibu na milima ya Jandía na kushuka kwa kasi zaidi. Ndiyo maana mashindano ya dunia ya ubao wa tanga hufanyika hapo kipindi hichohicho. Kibaya zaidi, unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Maji ya ukingoni yanaonekana yametulia kama sahani, huku boya la kupuliza likisukumwa mbali haraka kuliko mtu mzima anavyoweza kuogelea. Msibebe maboya wala magodoro ya kupuliza. Mpira ukipeperuka, uacheni uende. Mtu mzima asimame upande wa bahari, mtoto awe kati yake na mchanga. Namba ya dharura ni 112.

Kwa umri huo ningechagua Caleta de Fuste, ghuba yenye umbo la kwato karibu na uwanja wa ndege, au El Cotillo upande wa kaskazini-magharibi, ambako miamba huvunja mawimbi na kuacha vidimbwi vya maji ya kina kifupi. Huko mtaona viduara vya mawe meusi ya volkeno mchangani. Ni kinga za upepo. Kaeni ndani, msiyahamishe mawe. Cofete ni pazuri kwa macho tu. Mikondo yake ni mikali, msiogelee.

Jambo ambalo ziwa halikuwafundisha ni kujaa na kupwa. Kati ya maji kupwa na kujaa kuna kama saa sita. Sotavento kuna fungu refu la mchanga na bwawa nyuma yake. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, mtu aliyevuka kwa miguu mikavu anageuka na kukuta maji yamemzunguka. Tazama jedwali la maji kila asubuhi. Bendera nyekundu ikipandishwa hakuna kuingia, hata kama wenyeji wanaingia.

Maji ni baridi kuliko Nalubaale (Ziwa Victoria), nyuzi 21 au 22 hivi. Wanunulieni watoto fulana za mpira. Zinawakinga na jua pia, maana upepo unapoza ngozi na mtu haoni anavyoungua.

Dereva_Mbarara
Viza inaombwa kwa nchi mnayokaa siku nyingi zaidi, yaani Uhispania. Brussels ndiko mtakakokaguliwa mnapoingia Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, kisha ndege ya kisiwani ni kama ya ndani. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Kwa Julai msisubiri Juni! Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa kila mtoto wa umri huo. Bima ya safari iwe na kima cha angalau euro 30,000. Bebeni vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kadi ya homa ya manjano kwa ajili ya kurudi Entebbe.

Gari si la lazima mkikaa Caleta de Fuste, kuna mabasi. Mkitaka El Cotillo na milimani, kodini. Chukua leseni ya kimataifa pamoja na ya Uganda, na kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Pesa za simu hazitasaidia kwenye dhamana. Huko wanaendesha kulia, na hatari iko mzungukoni: unaingia ukigeuka kulia, unapisha wanaotoka kushoto. Mtoto asiyefika sentimita 135 hukaa nyuma kwenye kiti chake. Kiagize mapema.

Ukiegesha, pua ya gari ielekee upepo. Upepo ukitoka nyuma huuchapa mlango unapofunguliwa na kupinda bawaba. Kasome pia bima: nyingi hazigusi barabara za vumbi, na ya Cofete ni ya vumbi.

Mawe_Kisoro
Nyongeza ndogo. Mchanga mweupe wa Corralejo mara nyingi husemwa umepeperushwa kutoka Sahara. Sehemu kubwa yake ni magamba ya viumbe wa baharini yaliyosagika. Usibebe hata chupa moja, wala mawe. Ni marufuku na mizigo hukaguliwa.

Mkaazi_Ntinda
Asanteni sana, basi ni Caleta de Fuste. Na siku upepo ukizidi kabisa, tuwapeleke wapi?

Mawe_Kisoro
Calderón Hondo, volkeno iliyozimika karibu na kijiji cha Lajares. Njia imetandazwa mawe na mtoto wa miaka 6 anaiweza. Juu mtaona kasoko yenye kina cha kama mita 70. Mshike mkono ukingoni, upepo wa pale juu unasukuma. Kama hata hapo hapafai, nendeni Betancuria, mji mkuu wa zamani. Uko bondeni katikati ya milima, na jibini ya mbuzi ya kisiwa hicho inauzwa huko.

Upepo_na_Maji
Upepo ukigeuka na kuleta vumbi la Sahara, wenyeji huliita calima. Siku hiyo fungeni madirisha, na mwenye pumu asipande mlima.