Naomba ushauri: hoteli ya kuwalaza wazazi Moshi, mlima uonekane

Habari zenu wakuu. Wazazi wangu wanakuja Moshi kutoka Mtwara mwezi wa nane, nataka walale mahali watakapopakumbuka. Mama anatamani sana kuiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, akifungua pazia tu. Nimezungukia hoteli za karibu na stendi: safi, bei nzuri, ila kelele usiku kucha, na mzee goti linamsumbua, ngazi hawezi. Nafikiria Marangu, kule kwenye migomba na hewa ya baridi, ingawa mawingu yakishatanda huoni kitu. Bajeti ni shilingi 120,000 kwa usiku na kifungua kinywa.

Mliolala Marangu, Kibo huonekana asubuhi, au nibaki Shanty Town, mtaa wa hapa Moshi mjini? Na hoteli ipi ina vyumba vya chini?