Inventori ya hewa chafuzi Dar: dizeli ya magari haikubaliani na dizeli ya vituoni

mpima_moshi:
Wakuu, habari za jioni. Tunakusanya inventori ya hewa chafuzi ya Dar (hesabu ya kila chanzo na kiasi kinachotoa), mwaka wa msingi 2022. Fomula haina shida: takwimu za shughuli (km, lita, kilo) mara kigezo cha utoaji (uchafu unaotoka kwa kila kipimo cha shughuli), toa kinachozuiwa na kichujio kama kipo. Kinachosumbua ni magari. Tumechukua idadi ya yaliyosajiliwa, tukazidisha kwa kilomita za kukisia, na dizeli inayotoka kwenye hesabu ni karibu mara mbili ya iliyouzwa mkoani. Tupunguze kilomita mpaka zilingane? Pili, mkaa tunao kwa magunia, si kwa kilo. Tatu, taka zinazochomwa uani hazina rekodi popote.

Babu_Ubungo:
Usipunguze kilomita kwa nguvu, mkuu. Utakuwa umelifunika kosa, hujaliondoa.

Daftari la usajili hujaa kuliko linavyopungua. Gari lililokufa uani miaka minane iliyopita mara nyingi bado limo. Tena namba zetu hazina mkoa. T na tarakimu zake haikwambii kama gari linalala Mbagala au Mbeya. Kwa hiyo anza na barabara: hesabu magari kwa aina pale Ubungo, Tazara, Mwenge na Rangi Tatu, siku ya kazi na Jumapili, mchana na usiku (malori mengi hutembea usiku). Kisha nenda vituo vya mafuta, soma odomita na muulize dereva gari ni la mwaka gani. Hapo ndipo unapata kilomita za kweli.

Daladala ni rahisi zaidi kwa sababu leseni za LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) zinataja njia. Mfano wa hesabu tu: njia ya km 20, safari 10 kwa siku, siku 300, ni km 60,000 kwa basi moja. Mabasi 100 ni km milioni 6. Kwa lita 15 kwa kila km 100 unapata lita 900,000, na kwa uzito wa kilo 0.84 kwa lita ni tani 756. Salfa dioksidi haihitaji kigezo cha kuazima: zidisha mafuta kwa kiwango cha salfa, kisha mara 2, kwa kuwa atomu ya salfa ni 32 na molekuli yake ikiungua ni 64. Dizeli ya 50 ppm (sehemu 50 za salfa kwa milioni) inakupa kilo 75.6. Ukisahau ukaweka 500 ppm ya zamani, zinakuwa 756. Kosa hilo la sifuri moja ni la kawaida, na linaharibu grafu yote ya mwaka kwa mwaka.

Sasa geukia upande wa mauzo, nao una uongo wake. Lori linajaza tanki Dar na kuyaunguza Chalinze hadi Tunduma. Jenereta za Kariakoo zinanunua kituo kilekile. Na hakikisha jedwali lako ni la matumizi ya ndani, si la mafuta yaliyopokelewa bandarini, maana humo mna ya Zambia na Kongo. Namba mbili zikitofautiana baada ya usafi huo, andika tofauti ilivyo na sababu zake.

Jambo la mwisho: programu ya kukokotoa moshi wa magari kama COPERT inauliza daraja la Euro (viwango vya Ulaya vya moshi wa gari). Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na mengine masega ya ekzosi (kisafisha moshi) yameshang'olewa. Gari la petroli lisilo na masega usiliweke Euro 4 kwa sababu tu lilitengenezwa 2008. Lishushe daraja, kisha andika umeshusha asilimia ngapi.

DadaMizani:
Kwenye mkaa: lumbesa si kipimo. Beba mizani ya kuning'iniza, pima magunia 30 kwa wauzaji wa mitaa tofauti, kisha pima na sado na kopo, kwani kaya nyingi hazinunui gunia. Mama lishe, vibanda vya chipsi na nyama choma wafanyiwe dodoso lao peke yao. Ukiwagawa kwa idadi ya kaya wanapotea.

Angalia pia vipimo vya kigezo. Kikiwa cha gramu kwa GJ (gigajuli, kipimo cha nishati), tani moja ya mkaa ni GJ 29.5 kwa thamani ya IPCC (jopo la kimataifa la tabianchi), na kuni ni 15.6. Wengi hubeba kigezo cha kuni na kukiweka kwenye mkaa. Matokeo ni chembechembe nyingi mno na kaboni monoksidi ndogo mno, yaani kinyume cha jiko lenyewe. Moshi wa tanuri la Rufiji au Kisarawe hauingii kwenye inventori ya Dar, kwa kuwa chanzo kiko nje ya mkoa. Uonyeshe pembeni kama mnataka sera ya mkaa, lakini usiujumlishe.

Taka: watu wanaochoma, mara kilo kwa mtu kwa siku, mara 0.6 (sehemu inayoungua, thamani ya IPCC), mara 365. Kwa watu 100,000 na nusu kilo ni tani 10,950. Kigezo cha PM2.5 (chembechembe laini za mikroni 2.5 kushuka chini) ni karibu gramu 10 kwa kilo, basi tani 110 hivi. Linganisha na kilo 75.6 za salfa dioksidi za mabasi 100 hapo juu muone nguvu yenu iende wapi. Kaya ziulizwe "mara ngapi kwa wiki", si "mnachoma?" Ukiuliza hili la pili wanakataa, wakidhani umetumwa na serikali ya mtaa. Moto wa dampo la Pugu Kinyamwezi ni chanzo kingine, usichanganye.

Tegeta_Kibaoni:
Nakubaliana na Babu, ila siku nyingi za kuhesabu magari ni anasa. Kutokuwa na uhakika kunajumlishwa kwa miraba, kisha unatafuta kipeuo cha pili: shughuli 30%, kigezo 100%, jumla ni 104%. Ukishusha shughuli hadi 10% unabaki karibu 100.5%. Kwa PM2.5 tafuteni kigezo bora kwanza.

Na mmesahau vumbi la barabarani. Fomula ya AP-42 (kitabu cha vigezo cha shirika la mazingira la Marekani) inataka uzito wa vumbi laini kwa mita ya mraba, na uzito wa wastani wa magari. Pia msimpe waziri chati ya tani akadhani ndiyo hewa anayovuta: bomba refu la kiwanda Tegeta na ekzosi ya bajaji havifiki puani sawa, na kaskazi na kusi havipelekei moshi upande mmoja. Gawa kwa gridi ya km 1 kwanza, ndipo uendeshe modeli ya kusambaa kwa hewa.

mpima_moshi:
Asanteni. Vumbi tufagie lini, na kwa kifaa gani?

Tegeta_Kibaoni:
Kiangazi, angalau siku tatu bila mvua. Pima eneo kwa chaki, upana wote wa njia na si ukingoni tu, fyonza kwa mashine ya vumbi yenye mfuko uliopimwa kabla. Chekecha kwa chekecheke lenye matundu ya mikroni 75. Chekecheke la unga halifai, tundu zake ni kubwa mno. Masika punguza kwenye fomula kwa idadi ya siku za mvua, usifagie matope.