Nimonia kwa wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumulia: lipi linasaidia kweli, na lipi ni mazoea tu?

Muuguzi wa Zamu ya Usiku ameuliza:

Wenzangu, ninahudumu katika wodi ya wagonjwa mahututi, na kwa muda sasa jambo moja linaninyima utulivu. Mgonjwa anawekewa bomba la kupumulia, siku mbili tatu za mwanzo anaendelea vizuri, halafu homa inapanda, makohozi yanakuwa mazito na ya njano, anahitaji oksijeni zaidi, na picha ya kifua inaonyesha nimonia ambayo hakuja nayo. Tunainua kichwa cha kitanda, tunasafisha kinywa kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, mara mbili kwa siku, na tunabadilisha mipira ya kupitisha hewa ya mashine kila baada ya siku mbili. Dawa ya usingizi tunaiendesha mchana na usiku bila kukatisha, kwa kuhofia kwamba mgonjwa akizinduka atalichomoa bomba. Naomba kuelezwa ni wapi tunapokosea.

Sista Mkongwe amejibu:

Pole kwa kazi, mwenzangu. Nianze na mahali wadudu wanapopita, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa kuishuku mashine, ilhali kwa kiasi kikubwa wadudu hao hutoka kinywani na kooni mwa mgonjwa mwenyewe. Bomba linazuia koo lisijifunge na kikohozi kinapoteza nguvu, hivyo mate na ute hujikusanya juu ya lile puto linalolizunguka bomba na kuziba nafasi kati yake na ukuta wa njia ya hewa, kisha huchuruzika kidogo kidogo pembeni mwake hadi mapafuni. Ndiyo maana nimonia huhesabiwa kuwa ya mashine inapojitokeza zaidi ya saa 48 baada ya bomba kuwekwa.

Ukilielewa hilo, suala la mipira linajijibu lenyewe: acheni kuibadilisha kwa kalenda. Ibadilishwe inapoonekana kuchafuka au inapoharibika, kwa kuwa kila mnapoifungua mnaongeza nafasi ya uchafuzi bila kupata faida yoyote. Linalostahili uangalifu zaidi ni maji yanayojikusanya ndani yake, ambayo humwagika kuelekea kwa mgonjwa mnapomgeuza. Yaondoeni kwanza, ndipo mmguse.

Swali langu kwenu ni hili: puto hilo mnalipima? Shinikizo lake linatakiwa kuwa kati ya sentimita 20 na 30 za maji. Likipungua, ute unapita. Likizidi, linaumiza ukuta wa njia ya hewa. Kuminya kwa vidole kile kipira kidogo cha nje kilichounganishwa na puto na kusema "kimejaa" si kupima, hata kama anayeminya ana uzoefu wa miaka mingi, nikiwemo mimi. Kwa mgonjwa anayetarajiwa kukaa na bomba zaidi ya siku mbili au tatu, likipatikana lile lenye njia ya ziada ya kufyonza ute ulio juu ya puto, litumieni.

Kuhusu kitanda, msiridhike na kusema kwamba kimeinuliwa. Utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 1999, wenye wagonjwa 86, ulikuta dalili za nimonia kwa asilimia 34 ya waliolazwa chali na asilimia 8 tu ya walioinuliwa nyuzi 45. Lakini mwaka 2006 watafiti wa Uholanzi walipoamua kuipima pembe yenyewe, walikuta kwamba nyuzi 45 zilizokusudiwa hazikufikiwa kwa asilimia 85 ya muda, na tofauti ya nimonia kati ya kundi hilo na lile lililolazwa chini zaidi haikuonekana. Jicho linadanganya sana hapa. Lengeni nyuzi 30 hadi 45 kwa kipimo, isipokuwa hali ya mgonjwa, kama vile jeraha la uti wa mgongo, inakataza.

Daktari wa Wagonjwa Mahututi amejibu:

Nakubaliana na Sista, ila kosa kubwa katika maelezo yako ni hiyo dawa ya usingizi isiyokatishwa. Kila siku ambayo bomba linabaki kooni ni siku nyingine ya hatari, kwa hiyo kinga iliyo bora ni kulitoa mapema, na iliyo bora zaidi ni kutoliweka kabisa pale ambapo barakoa ya shinikizo au oksijeni ya kasi ya puani inatosha. Mwaka 2000 watafiti wa Chicago walionyesha kwamba kusimamisha dawa ya usingizi mara moja kila siku kulipunguza muda wa kati kwenye mashine kutoka siku 7.3 hadi 4.9. Mwaka 2008 utafiti mwingine wa Marekani uliunganisha kumwamsha mgonjwa na kumjaribu kupumua mwenyewe, na ukapata faida ya takriban siku tatu zaidi bila mashine.

Hofu yako ya bomba kuchomolewa si ya bure. Katika utafiti huo wa 2008, waliojichomoa waliongezeka, lakini idadi ya waliolazimika kurudishiwa bomba haikuongezeka, jambo linaloashiria kwamba baadhi yao walikuwa tayari kuachana na mashine na sisi ndio tuliochelewa.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku:

Nashukuru sana, Daktari. Na klorheksidini? Kwetu kuiacha kutaonekana kama uzembe.

Daktari wa Wagonjwa Mahututi:

Miongozo ya Marekani ya mwaka 2022 inashauri kinywa kisafishwe kwa mswaki, bila klorheksidini, kwa kuwa faida yake haikuthibitika na uchambuzi wa tafiti kadhaa uliibua wasiwasi kwamba huenda inaongeza vifo. Usiiache kimyakimya peke yako. Lipeleke jambo hili kwenye kikao cha wodi, ili mswaki uingie siku ileile dawa inapotoka.

Mtaalamu wa Usingizi amejibu:

Naongeza neno moja. Kuna watakaokushauri kutoa antibiotiki za kinga. Ni kweli kwamba utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa kuvuta amikasini kwa siku tatu kulipunguza nimonia hii kutoka asilimia 22 hadi 15, lakini mimi singeanzia hapo katika wodi ambayo bado haijapima puto.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku:

Nimeelewa. Swali la mwisho: mswaki unaupitishaje kinywani bila kulisogeza bomba?

Sista Mkongwe:

Muwe wawili. Mmoja alishike bomba karibu na midomo, asiliachie hadi kazi iishe, na kabla ya kuanza asome namba ya sentimita iliyo usawa wa meno na kuiandika. Pimeni puto kwanza, tumieni mswaki laini wa mtoto, na mrija wa kufyonza uwe kinywani muda wote ili maji yasishuke kooni. Mkimaliza, someni tena ile namba. Ikiwa imebadilika, mwiteni daktari kabla hamjafunga plasta upya.