Tupeane uzoefu: Uliwahi kudai haki yako ya kikatiba mbele ya mwenye mamlaka? Ilikuwaje?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni wa waliowahi kusimama mbele ya askari, mtendaji au kiongozi wa wilaya wakadai haki iliyomo kwenye Katiba yetu ya Tanzania ya 1977. Mihadhara tuiache. Tuambiane ulisema nini, uliomba karatasi gani na ukajibiwaje.

Msimamo wangu ni huu. Ibara ya 15 inakataza mtu kukamatwa au kuwekwa kizuizini nje ya utaratibu wa sheria, na utaratibu wenyewe unadai mambo yaandikwe: saa uliyofika kituoni, sababu, vitu vilivyochukuliwa. Mwananchi asiye na wakili analindwa na maandishi hayo kuliko hoja zote atakazotoa pale kaunta.

Dada Mkubwa

Mdogo wangu anaendesha bodaboda. Walimkamata Ijumaa jioni kwa tuhuma za kununua simu ya wizi. Nafika kituoni naambiwa mahakama ni Jumatatu, nikalete chakula tu. Nikauliza, "Afande, ameandikwa saa ngapi kwenye kitabu cha mahabusu?" Kitabu kikafunguliwa: hayumo kabisa. Akaandikwa mbele yangu, saa mbili kasoro usiku, wakati wenzake wa kijiweni walimwona akishushwa kwenye defenda jua halijazama. Nikaomba iandikwe saa ya kweli, afande akagoma. Nikampigia mwenyekiti wa mtaa palepale, nikamtajia saa zote mbili, afande akisikia.

Kesho yake asubuhi mwenyekiti akaja na barua ya kumdhamini. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai iko wazi: kama mtuhumiwa hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, aachiwe kwa dhamana, isipokuwa kosa liwe zito. Mkubwa wa zamu akaanza habari za "hela ya kalamu". Mwenyekiti, mzee wa watu, akamwonyesha kwa kidole tangazo lililobandikwa ukutani nyuma yake: dhamana ni bure. Dogo akatoka kabla ya adhuhuri. Nasema kweli, bila yule mzee ningelipa.

Mpangaji wa Uani

Mimi walinipekua nyumbani. Niliomba hati ya upekuzi, wakanionyesha. Nikaomba shahidi wa jirani, akaitwa. Wakabeba laptopu, na kwenye karatasi ya vitu vilivyochukuliwa wakaandika "kompyuta moja" basi. Niligoma kusaini mpaka waongeze aina yake, rangi, namba iliyo chini yake na ufa uliopo kwenye kona ya kioo. Walinuna, wakaongeza. Siku ya kurudishiwa nikaletewa laptopu nyingine, imechakaa. Nikatoa nakala yangu. Walirudi stoo, wakaja na yangu.

Nimeyaona

Hongereni, ila tusiwadanganye vijana. Ukitaja ibara mbele ya baadhi ya askari unaulizwa "kumbe mwanasheria?", na kofi linafuata. Ibara ya 13(6)(e) inakataza mateso na kudhalilishwa, lakini usiku uko selo peke yako hakuna wa kuisoma. Dada Mkubwa alifanikiwa kwa sababu alikuwa nje, ana simu na ana mwenyekiti. Aliye ndani anyamaze, aseme tu anaomba kuwasiliana na ndugu au wakili. Kudai ni kazi ya walio nje.

Fundi wa Maji

Naomba niongelee ile amri ya kuwekwa ndani saa 48. Nilikuwa fundi kwenye mradi wa kijiji. Kwenye mkutano wa hadhara kiongozi wa wilaya akauliza kwa nini maji hayatoki. Nikamjibu pampu haijalipiwa na nyaraka ninazo. Hakutaka kuziona. "Mchukueni, saa 48." Watu wakapiga makofi, nikapandishwa gari.

Sasa someni Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Ni kweli inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo huo, lakini awe anajua umetenda kosa ambalo mtu anaweza kukamatwa na kushtakiwa kwalo, au aamini utavunja amani na hakuna njia nyingine ya kukuzuia, na aandike sababu, nakala iende kwa hakimu. Saa 48 zikiisha hujafikishwa mahakamani, unaachiwa, na hawaruhusiwi kukukamata tena kwa jambo lilelile. Kusema pampu haijalipiwa ni kosa gani la jinai, na kunavunja amani gani?

Nilipotoka nilikwenda mahakama ya wilaya kuuliza kama nakala ya amri yangu ilifika. Karani akatafuta kwenye jalada, hakuna. Nikaandika barua kuuliza hivyohivyo, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Sijaombwa radhi na mtu. Lakini mkutano uliofuata, mwenyekiti wa kijiji alinyoosha mkono akauliza iwapo amri ya safari ile iliandikwa. Hakuna aliyewekwa ndani siku hiyo.

Wakili Kijana

Fundi, pole sana mkuu. Niongeze historia kidogo, maana haki hizi hazikudondoka. Ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na mahakama zikazuiwa kuzitumia dhidi ya serikali hadi 1988. Baada ya hapo watu walikwenda kuzijaribu. Kwenye shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilibatilisha kifungu kilichonyima dhamana bila kuweka utaratibu wowote. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira, katika shauri la Mchungaji Mtikila, akasema kulazimisha watu waombe kibali cha kukusanyika ni kinyume cha Katiba. Hata hivyo wateja wangu wakipeleka taarifa ya mkutano bado wanaulizwa "kibali kiko wapi?"

Upande wa pili ipo Ibara ya 30, inayoruhusu sheria kubana haki hizi kwa ajili ya usalama na maslahi ya umma. Serikali huikimbilia kila mara. Na mwaka 2020 Bunge lilibadili sheria, likamtaka anayefungua shauri la haki za msingi aape jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Mabadiliko hayo nayo yakapingwa mahakamani.

Mwanzisha uzi

Nimeyaona, hoja yako nimeichukua: aliye nje ndiye aandike saa. Fundi, hiyo barua yenye muhuri itunze. Kuna mwingine aliyewekwa ndani saa 48 akafuatilia nakala ya amri kwa hakimu? Aliipata? Na ndugu zetu wa Zanzibar, nyinyi mna Katiba yenu ya 1984, huko kituoni mambo yakoje?