Diski gani ya bei nafuu kwa nodi ya Storj, niko Kisumu

omera_wa_kondele:
Niaje wadau. Nina kompyuta ya ofisi ya ex-UK, ile ya kesi nyembamba, inakaa imewaka usiku na mchana juu ndiyo inashikilia kamera za ploti. Sasa nimekuwa nikisoma hii mambo ya Storj, ile ya kukodisha nafasi kwa diski yako, kompyuta inakuwa nodi, yaani kituo kimoja cha mtandao wao, watu wa mbali wanaweka data wewe unalipwa kwa tokeni za kripto, nikaona si basi niichomeke diski nyingine ifanye kazi badala ikae tu. Shida ni kuchagua. Nimezunguka Oginga Odinga Street nikapewa bei tofauti: Seagate Barracuda ya 4TB mpya 12,500, WD Purple ya 4TB mpya 14,500, alafu kuna jamaa ana WD Purple ya 4TB imetoka kwa DVR, ile mashine ya kurekodi kamera, anataka 6,000, hakuna risiti hakuna waranti. Kwa nyumba pia niko na ile diski ndogo ya nje ya USB, 2TB. Bajeti mwisho ni elfu 15 na hiyo tayari mama watoto ananiangalia na jicho moja. Nichukue gani?

fundi_lanet:
Barracuda ya 4TB wachana nayo hata kama ni mpya ndani ya nailoni. Angalia stika, ikiandikwa ST4000DM004 hiyo ni SMR. Kwa SMR njia za data zimelaliana kama mabati, ukitaka kubadilisha moja lazima diski iandike upya na zile zimelalia juu yake. Kuweka sinema na picha za harusi haina shida, lakini nodi ya Storj inapokea vipande vidogo vidogo, vya megabaiti 2 hivi au chini, mamilioni, na kila saa vingine vinafutwa vingine vinaingia. Ikifika hapo diski inashikwa na kigugumizi, kompyuta yote inangoja, na kamera zako nazo zinakwama.

Unataka CMR, zile njia zimekaa kila moja peke yake hazilaliani. WD Purple ni CMR, Seagate IronWolf ni CMR, WD Red Plus pia. WD Red ya kawaida chunga sana, mwaka 2020 ilijulikana zile za 2TB mpaka 6TB walikuwa wameweka SMR bila kuambia watu, makelele ikawa mingi ndo wakatenga jina la Red Plus. Na usisikilize muuzaji, wengi hata hawajui hiyo SMR ni nini, soma namba ya modeli utafute mwenyewe kwa simu ukiwa hapo kaunta.

Hiyo ya USB ya 2TB achia backup. Nyingi za saizi hiyo ni SMR, na kebo ikiguswa na mtoto nodi imelala.

asiyejua_1:
Lakini si Purple ni za kamera tu? Nimeskia ati zinaruka makosa hazisomi tena

fundi_lanet:
Hiyo stori imezunguka sana. Kuruka makosa inatokea kama DVR yenyewe imetuma amri ya kurekodi video mfululizo. Ukiiweka kwa Linux ya kawaida hakuna mtu anatuma hiyo amri, inafanya kazi kama diski ingine yoyote.

shosh_wa_section58:
Kabla mkimbie dukani tupige hesabu kidogo, mimi ndo huwa naharibu sherehe. Storj wanalipa dola 1.50 kwa kila TB iliyokaa kwako mwezi mzima, na dola 2 kwa kila TB ambayo wateja wamepakua. 4TB ikijaa pomoni hiyo ni dola 6, tuseme shilingi 780. Diski inakula wati 6 hivi, kwa mwezi ni uniti 4 na kitu, toa 130 ya stima, umebaki na 650. Kompyuta siihesabu juu umesema inawaka tu hata bila hii.

14,500 gawanya kwa 650 ni zaidi ya miezi 22. Na hiyo ni kama ingejaa siku ya kwanza, na haijai! Nodi mpya inapimwa kwanza, data inaingia polepole, na sisi huku tuko mbali na wateja wengi kwa hivyo nodi za karibu zinatushinda kumaliza kupokea kipande. Alafu miezi 3 ya kwanza wanashikilia asilimia 75 ya pesa yako, mitatu inayofuata nusu, mitatu ingine robo. Nusu ya hiyo waliyoshika unarudishiwa baada ya mwezi wa 15, nyingine mpaka ufunge nodi kwa utaratibu. Storj wenyewe wanasema tumia vifaa uko navyo, usinunue juu yao.

Kwa hivyo ya 14,500 hapana. Ya 6,000 inaweza kuwa na maana, kama ni nzima.

fundi_lanet:
Shosh amemaliza. Hiyo ya DVR ipime kabla pesa itoke kwa simu. Beba kompyuta yako ama laptopu na adapta ya SATA yenye umeme wake, piga smartctl -a, hiyo ni programu ya Linux ya kusoma afya ya diski. Mstari wa 5, 197 na 198, zile za sehemu mbovu za diski, lazima zisome sufuri, kama kuna namba hapo ata 8 rudisha mkono mfukoni. Mstari wa 9 ni masaa, ya DVR utaona kama 26,000, hiyo ni miaka mitatu ya kuwaka bila kuzimwa, si mbaya kama hizo zingine ni safi. 199 ikiwa na namba mara nyingi ni kebo tu. Ukifika nyumbani anzisha smartctl -t long, kipimo kirefu cha diski yote, hiyo ya 4TB itakula masaa nane hivi ama zaidi, iache usiku.

Ukiiformat tumia Ext4 ya Linux, si NTFS ya Windows. RAID, ile ya kuunganisha diski kadhaa, usijisumbue nayo, diski moja nodi moja.

kakamega_radi:
Mnaongea diski na hakuna mtu ametaja radi, jameni huku magharibi mvua ya jioni ikianza stima inaenda inarudi inaenda. Diski ya mkono wa pili ikizimwa hivyo katikati ya kuandika, faili zinaharibika, na nodi ikipoteza data ya watu inafungiwa na ile pesa imeshikwa inaenda. Weka UPS ndogo, ile betri ya kushikilia stima ikipotea, kwa kompyuta na rauta. Na uliza watu wa faiba kama wanakupa IP yako ya umma, kama mmewekwa wengi nyuma ya IP moja port 28967, mlango ambao nodi inapokelea data, haitafunguka na hutapata kitu, hata ununue diski ya dhahabu.

omera_wa_kondele:
Asanteni sana. UPS iko, ya kamera. Hiyo ya IP nitawapigia kesho kabla ya kununua chochote. Jamaa wa DVR nimemuuliza kuhusu kupima akasema ati "diski iko sawa boss, mimi siuzi takataka", lakini hataki nije na laptopu.

shosh_wa_section58:
Basi hiyo haifai kulipiwa 6,000. Tafuta mwingine, DVR za zamani zinatolewa kila wiki kwa maduka ya kamera.