Mjadala: Modeli za kushika mkononi katika kemia ya sekondari, zinafundisha au zinapotosha?

Mada: Je, tutumie vipindi kuunda molekuli kwa vijiti na vidonge vya plastisini, au ubao na mazoezi vinatosha? Tubishane kwa hoja.

MIZANI
Napinga. Vipindi viwili vinakwisha, na mwanafunzi anatoka na imani potofu kwamba kijiti kimehifadhi nishati, ukikivunja inafumka. Ukweli ni kinyume chake: kuvunja bondi (kiunganishi kati ya atomi) kunafyonza nishati, kuunda bondi ndiko kunakoitoa. Halafu chumvi ya mezani: mkipewa vijiti mtaunganisha sodiamu moja na klorini moja, muiite molekuli. Hakuna molekuli ya namna hiyo kwenye fuwele ya chumvi.

PUTO NNE
Mizani, maradhi umeyataja sawasawa, ila dawa yake iko kwenye modeli hizohizo. Chukua methani inayoungua. Kila kundi lipate kidonge 1 cheusi (kaboni), 4 vyeupe (haidrojeni), 4 vyekundu (oksijeni) na vijiti 8: vinne kwenye methani, viwili viwili kwenye kila molekuli ya oksijeni. Wabomoe, waunde kaboni dioksidi moja na maji mawili. Vijiti vilivyotumika tena ni 8, hakuna kilichobaki wala kupungua. Sasa uliza: nishati imetoka wapi? Hapo ndipo wanapogundua kuwa vijiti havilingani nguvu. Wape thamani za wastani kwa kilojuli kwa moli: C–H 413, O=O 498, C=O ya kaboni dioksidi 805, O–H 463. Kuvunja kunagharimu 2648, kuunda kunarudisha 3462. Ziada ni 814.

Na chumvi haihitaji vijiti kabisa. Panga vidonge 27 kuwa mchemraba wa tatu kwa tatu kwa tatu, 14 vya rangi moja na 13 vya nyingine, vipishane. Cha katikati kinagusana na 6 vya rangi tofauti. Waulize kati ya hao sita "mwenzake" ni yupi. Watanyamaza.

KIJITI
Mnaruka jambo linaloharibika mara nyingi zaidi: methani bapa. Wanafunzi wananakili msalaba wa ubaoni, wanaulaza mezani, kazi imekwisha. Wasichekwe, mwanakemia August Wilhelm von Hofmann alipoonyesha modeli zake London mwaka 1865, kwa mipira ya mchezo wa croquet, methani yake nayo ilikuwa bapa. Kaboni yenye pembe nne angani ililetwa na wanakemia van 't Hoff na Le Bel mwaka 1874.

Namna ya kuzuia: vijiti vitatu viwe miguu, cha nne kielekee juu. Kisha pindua modeli isimamie miguu mingine mitatu. Ikisimama kwa sura ileile kila ukiipindua, pembe zinakaribia nyuzi 109.5. Ikiyumba, chomeka upya kwenye kidonge kipya, maana tundu la zamani limeshalegea na kijiti hakitakaa.

PUTO NNE
Kwa umbo peke yake, maputo yanashinda plastisini. Funga mawili shingo kwa shingo, funga mengine mawili vivyo hivyo, kisha sokota jozi hizo pamoja. Yanajipanga yenyewe bila mwalimu kusema neno. Yasijazwe sana, yatapasuka wakati wa kusokota. Kwa maji, yale mawili ya jozi pweke za elektroni (zisizounganisha atomi) yajazwe zaidi kidogo. Yakilingana yote utabaki na 109.5 na hutapata njia ya kueleza pembe ya maji, nyuzi 104.5.

MIZANI
Nishati na chumvi nimekubali. Lakini isoma, yaani molekuli zenye fomula moja ila atomi zimepangwa tofauti? Waambie waunde C5H12, makundi yataleta sita au saba kwa kuwa mnyororo umekunjwa tu. Ziko 3.

KIJITI
Hilo ndilo somo lenyewe, mwenzangu. Kanuni moja: zungusha unavyotaka, usichomoe kijiti. Modeli ikilala juu ya nyingine ikalingana, ni kitu kimoja. Kwa but-2-ene, yenye bondi mbili kati ya kaboni za katikati, vijiti viwili sambamba vitazuia mzunguko, na hapo isoma mbili zinabaki mbili kweli.

MIZANI
Sawa, ila moli na mkusanyiko wa myeyusho havifinyangwi kwa plastisini, na ndivyo vinavyowaangusha wengi. Muda huo siutoi. Na modeli ikitumika, ipimwe ikiwa imeshafichwa kabatini.

KIJITI
Ipimwe kwa swali hili: CH2Cl2 ina isoma ngapi? Anayeifikiria bapa atasema mbili, klorini zikitazamana au zikikaa jirani. Aliyeishika mkononi atasema moja, na ataeleza kwa nini.