Nimeuziwa mpira wa maji kwa jina la mpira wa mafuta, na fundi amevitupa vichwa ambavyo havitengenezwi tena

Wanajukwaa, salaam.

Nimesubiri siku nne kabla ya kufungua uzi huu, kwa sababu ningeuandika siku ileile tukio lilipotokea ungefutwa na wasimamizi kwa matusi. Sitataja jina la duka wala la karakana. Ninaandika ili mwenye gari la zamani la petroli, hasa lenye tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa), ajue nilivyofanyiwa kabla hajafanyiwa yeye.

Gari langu ni Toyota Celica GT-Four ya mwaka 1991, ile yenye namba ya modeli ST185 na injini ya 3S-GTE ya lita 2. Najua wapo watakaouliza kwa nini nisinunue Toyota Crown kama wenzangu. Mashemeji zangu wameshauliza, na jibu langu halijabadilika: waliofuatilia Safari Rally wanakumbuka kwamba Celica ilishinda mwaka 1990, kisha ikashinda mara nne mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995, na mwaka 1994 aliyekuwa kwenye usukani alikuwa Ian Duncan, Mkenya. Hayo tuyaache.

Shida ilianza kwa harufu. Kila asubuhi nilipowasha gari, petroli ilinuka kwa dakika moja au mbili kisha harufu ikapotea. Nilipofungua boneti na kumulika kwa tochi chini ya intakula (kipozea hewa ya tabo), niliona mpira unaotoka kwenye chujio la mafuta kwenda kwenye reli ya nozeli umebadilika rangi na kuwa wa kijivu, na nilipoukunja kidogo kwa vidole viwili ulifunguka nyufa kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Haukuwa umeanza kudondosha, lakini mpira wa miaka zaidi ya 30 uliokaa muda wote huo kwenye joto la tabo hauhitaji sababu nyingine ya kubadilishwa.

Wasiolijua gari hili waelewe kwamba huo si mpira wa kukata kwa mita na kuchomeka. Kila ncha ina kichwa cha chuma kilichobanwa kiwandani kwa mashine, na kichwa hicho hufungwa kwa boliti yenye tundu katikati, ambayo mafuta hupita ndani yake, ikiwa na washa laini, yaani vipete vya kuzuia kuvuja, pande zote mbili. Mpira wa kurudisha mafuta kwenye tanki ni jambo jingine kabisa. Huo ni wa shinikizo dogo na hushikwa kwa klipu ya kawaida. Huu wa kupeleka mafuta hubeba bar 2.5 hadi 3 hivi, na tabo inaposukuma, regyuleta (kidhibiti cha shinikizo la mafuta) hupandisha shinikizo la mafuta sambamba na la tabo, kwa hiyo ukiongeza bar 0.7 hivi ya tabo unafika bar 3.2 hadi 3.7.

Nilipoulizia mpira huo kwa namba ya spea nilijibiwa kwamba hautengenezwi tena, na aliyeniagizia kutoka Japani akarudi na jibu lilelile. Hapo sina ugomvi na mtu. Siwezi kukidai kiwanda kiendelee kunitengenezea mpira mmoja kwa gari lililotoka kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Zipo spea za magari ya zamani zilizorudishwa viwandani, kama zile za Toyota Supra za A70 na A80, na ikiwa wangu haumo, hiyo ni bahati yangu. Ugomvi wangu ni na watu wawili waliojua kwamba spea haipo, wakaona katika kukosekana kwake nafasi ya kunipa chochote.

Wa kwanza ni muuza spea, Kariakoo upande wa Gerezani, hapa Dar es Salaam. Nilimweleza kwa Kiswahili kisicho na utata kwamba nataka mpira wa mafuta wa milimita 8 kwa ndani, wa injini ya EFI (inayopuliziwa petroli kwa nozeli) yenye tabo, na nikamwuliza kama ana wenye alama ya kiwango cha SAE 30R9. Akasema, "Bosi, huu ndio wenyewe, EFI zote tunafunga huu." Akanionyesha mpira mweusi wenye maandishi meupe yaliyosema tu kwamba ni wa mafuta na ni wa milimita 8, bila alama ya kiwango chochote. Nilipouliza alama iko wapi, akajibu kwamba imeandikwa mwanzoni mwa roli, na roli ilikwisha kukatwa. Nikanunua mita moja na nusu kwa shilingi 27,000. Alinipa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, na mimi, mtu mzima mwenye watoto, sikudai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kosa hilo ni langu na nimelikubali, kwa hiyo msihangaike kulirudia katika michango yenu.

Naomba nieleze kwa nini alama hizo si mapambo. Mpira wa 30R7 umekusudiwa shinikizo dogo, kama la magari ya kabureta, na kikomo chake kwa ukubwa huu ni psi 50, yaani bar 3.4 hivi. Wa 30R9 umetengenezwa kwa ajili ya injini za nozeli, una utando wa ndani wa FKM, mpira unaohimili petroli, na kikomo chake ni psi 100, karibu bar 7. Rudini kwenye hesabu ya shinikizo niliyoitoa hapo juu, mtaona kwamba hata ningeuziwa 30R7 halisi, gari langu lingekuwa linakaribia kikomo chake au kukipita kila ninapokanyaga mafuta kupanda mlima. Nami sikuuziwa hata hiyo 30R7.

Wa pili ni fundi. Siku ya kazi nilimwachia gari asubuhi nikaenda kazini, na hilo ndilo ninalolijutia kuliko risiti. Niliporudi jioni alikuwa amekata vile vichwa vya chuma kwa msumeno na kuvitoa, kisha akaupachika ule mpira mpya kwenye vipande vya bomba alivyovitafuta mwenyewe, akakaza kwa klipu za bisibisi, zile zenye meno yanayokata mpira ukizikaza kidogo tu kupita kiasi. Kazi hiyo akanitoza 150,000. Nilimwuliza vichwa viko wapi, akaonyesha kwa kidevu upande wa pipa la skrepa na kusema, "Vile si vibovu, mzee?"

Vile havikuwa vibovu hata kidogo. Kilichooza ni mpira. Chuma kilikuwa kizima. Kwa spea ambayo haitengenezwi tena, vichwa ndivyo spea yenyewe, kwa sababu mwenye mashine ya kubana mipira anaweza kukata kola ya zamani inayobana mpira kwa uangalifu, kuingiza mpira mpya wa kiwango kinachofaa, na kukurudishia kitu kinachofunga palepale pa asili. Fundi wa miaka 20 analijua hilo. Nilikaa kimya kwa sababu gari liliwaka, halikunuka, na nilikuwa nimechoka.

Kuna jambo moja niliona jioni ile nikalipuuza. Fundi alipokuwa akifuta mikono kwa kitambaa chenye petroli, kidole gumba chake kilikuwa cheupe. Nilidhani ni rangi ya ukuta.

Siku ya 19 baada ya kazi hiyo nilikuwa napanda Kimara na binti yangu, akasema, "Baba, kunanuka mafuta." Injini ikaanza kukosa nguvu. Nikaegesha, nikazima, nikamtoa mtoto kwanza na kumpeleka mbali na gari, ndipo nikafungua boneti nikiwa na mtungi wa kuzimia moto mkononi. Mpira ulikuwa umevimba hadi klipu zimezama ndani yake, umelegea kama utumbo, na petroli ilikuwa imeloanisha giaboksi na kudondoka barabarani, huku tabo ikiwa bado ya moto kiasi cha kutokaribiwa na mkono. Hatukuungua. Sijui nimshukuru nani zaidi, Mungu au pua ya mtoto wa miaka tisa.

Nyumbani nilichukua kipande cha mpira uleule kilichokuwa kimebaki, kipya kabisa, nikakipima kwa kipimo cha venia: milimita 14 kwa nje. Nikakifuta kwa kitambaa chenye petroli, na maandishi yote meupe yakatoka kwa mfuto mmoja, nami nikakumbuka kidole cha fundi. Kisha nikakitumbukiza kwenye chupa ya jemu yenye petroli na kuifunga. Baada ya siku tatu kipande kilipima milimita 17 na ushei, kilikatika kwa kuvutwa kwa mkono, na petroli ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Kwa tabia hiyo nina hakika kwamba ni mpira wa aina ya EPDM au jamii yake, ambao ni mzuri sana kwa maji ya rejeta lakini petroli huuvimbisha na kuumaliza. Kwa maneno mengine, mtu alichukua mpira wa maji na kuupiga chapa ya mafuta. Kama si muuza duka aliyefanya hivyo, basi ni aliyemletea, lakini aliyeniambia "huu ndio wenyewe" ni yeye.

Nilirudi dukani na chupa ile. Akaitazama, akasema, "Bosi, mpira ni mpira tu. Umekaza klipu kupita kiasi." Nilipomwambia kwamba kipande kilichomo kwenye chupa hakijawahi kuguswa na klipu, akamgeukia mteja mwingine. Sasa ninaandaa maelezo, kipande na picha ili niyapeleke FCC, yaani Tume ya Ushindani, kama suala la bidhaa bandia. Mwenye uzoefu wa kulalamika bila risiti ya EFD anieleze alifikaje mwisho wa safari hiyo.

Kwa fundi nilikwenda pia, na huko nilidai kitu kimoja tu, vichwa vyangu. Pipa lilikuwa limeshachukuliwa na wanunuzi wa chuma chakavu siku mbili kabla. Nimeshinda Jumamosi nzima kwenye yadi ya skrepa nikipekua kwa mikono, na kijana mmoja pale, aliyeniita babu ingawa sina hata mjukuu, alinisaidia kwa soda mbili. Tulipata kimoja, cha upande wa chujio. Cha upande wa reli, chenye pembe, hatukukiona.

Kwa sasa gari liko juu ya mawe, na tanki nimelimwaga. Nimempata mtu anayebana mipira ya PTFE (plastiki isiyodhurika na petroli) yenye wavu wa chuma cha pua kwa nje, na ameahidi kuufanya upya mpira huo iwapo nitamletea vichwa vyote viwili. Amenikatalia kabisa mpira wa haidroliki wa kawaida, ambao haukukusudiwa petroli, jambo lililonifanya nimwamini. Nimeshanunua pia mita moja ya 30R9 halisi kwa ajili ya upande wa kurudisha mafuta, nayo imekaa kwenye chupa ya petroli tangu wiki iliyopita bila kubadilika hata nusu milimita.

Ombi langu ni hili. Mwenye ST185 iliyokufa, au aliyehifadhi mpira wa mafuta wa gari hilo, hata uwe umeoza na kukatika katikati, naomba aniuzie kwa ajili ya kichwa cha upande wa reli. Mwenye Toyota Caldina yenye injini ya 3S-GTE naye naomba anipimie kichwa chake, nijue kama kinalingana na hiki. Niko Dar es Salaam, lakini nitagharimia kifurushi kutoka Arusha, Moshi au hata Nairobi. Picha za kichwa nilicho nacho, kikiwa kando ya rula, nitaziweka kwenye mchango unaofuata.